Garde-malade wa Wagonjwa Wawili

Gervasi wa Nyakabere alikufa mwezi uliopita, na wajukuu wangu wakashangaa kumwona bibi yao, ambaye siku hizi hatoki hata kwenda sokoni, anatafuta viatu vyake asubuhi na mapema kwa sababu anataka kwenda kilioni. Gervasi hakuwa ndugu yangu. Hatukuwa kabila moja wala kanisa moja. Yeye Mrundi wa bonde la Ruzizi, Mkatoliki, mimi Mfuliiru wa Waprotestanti. Waliponiuliza ninamwendea kama nani, niliwajibu kwamba zamani, nikiwa msichana, nilikuwa garde-malade wa mke wake. Hawakuuliza tena. Kwetu jawabu hilo linatosha: mtu aliyekaa na mgonjwa wako hospitalini unamhesabu katika jamaa mpaka kufa, unamwalika kwenye arusi, unamsalimia kwa mikono miwili. Mimi peke yangu, ndani ya gari la Bukavu lililonipeleka kilioni, nilijua kwamba halitoshi. Nimeheshimiwa kwa jina la garde-malade maisha yangu yote, na sikulistahili, na nimechoka kulibeba.

Mjukuu wangu mmoja amesomea uuguzi. Aliwahi kunionyesha kitabu chake kinachosema kwamba mwuguzi ni mtu mwenye cheti na gauni jeupe. Nikamwambia sawa, lakini zama zetu mwenye gauni jeupe alichoma sindano akapita kitanda kingine. Aliyeuguza alikuwa garde-malade. Ukifika na mgonjwa mlangoni, kabla hawajauliza anaumwa wapi, waliuliza: “Garde-malade yake iko nani?” Jina lako likaandikwa kwenye karatasi ngumu iliyofungwa kwa uzi kwenye chuma cha kitanda, chini ya jina la mgonjwa, na kuanzia hapo jina lako mwenyewe lilisahaulika, watu wakakuita garde wa fulani. Ulipika, ulifua, ulimgeuza mgonjwa mgongo usichubuke, ulibeba chombo chake cha choo ukakisuuza. Maneno ya muganga uliyashika kichwani wewe, kwa kuwa homa humsahaulisha mgonjwa. Na palikuwa na kazi moja ya mwisho ambayo haikuandikwa mahali popote. Mgonjwa akifa, garde-malade ndiye aliyesimama kilioni kuwaambia watu jinsi alivyokufa: alikula nini mara ya mwisho, alimwita nani, alisema nini. Watu hawakulia sawasawa mpaka garde-malade amesema. Na alilosema halikubishwa, kwa sababu ni yeye tu aliyekuwapo.

Mwaka ule ulikuwa miaka minne kabla ya uhuru, nami nilikuwa nimechumbiwa na Daudi, karani kijana mpole ambaye nilimpenda kuliko nilivyothubutu kumwambia mtu. Mama yake, Mama Daudi, alikuwa na kidonda kwenye mguu, juu kidogo ya kifundo, kidonda cha muda mrefu kisichotaka kufunga, na mwanzoni mwa kiangazi muganga akaamua alazwe. Binti zake wote walikuwa wameolewa mbali. Ukaja ujumbe nyumbani kwetu kwamba mchumba ndiye aende awe garde-malade. Hakuna aliyenieleza maana yake, na hakukuwa na haja. Nyumbani walininunulia kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga nikimtumikia mama mkwe, na wakanionya nisikae mbele yake nikiwa nimenyoosha miguu, nisile kabla hajala, nisijibu haraka. Arusi ilipangwa kuwa baada ya mvua za kwanza, ikiwa Mama Daudi atarudi na neno zuri. Akirudi na neno baya, ng'ombe wa mahari hawatatoka, na Daudi mpole yule asingebishana na mama yake.

Hospitali yenyewe haipo tena. Ilikuwa ndogo, ya wamisionari, karibu sana na maji, na miaka ile ziwa lilipopanda lilikula ukuta wake na watu wakachukua mabati. Lakini chumba cha wanawake bado naweza kukipita macho yamefumbwa. Vitanda vinane vya chuma, vinne huku na vinne huku, ukuta umepakwa chokaa mpaka usawa wa kifua na rangi ya majivu chini yake. Harufu ya krezili ya kusafishia sakafu asubuhi, halafu kuanzia saa nne harufu ya mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka jiko la nyuma, ambako kila garde-malade alikuwa na mafiga yake matatu na ole wako ukiyagusa ya mwenzako. Kupitia dirishani uliona ziwa, na ng'ambo milima ya Burundi, na karibu zaidi wanawake wa wavuvi wakigeuza ndagala kwenye mchanga. Mchana wagonjwa wenye nguvu walizungumza, na garde-malade tulisikiliza huku tukifanya kama hatusikii. Mama Daudi ndiye aliyezungumza kuliko wote. Alipenda sana habari ya mama yake wa kambo, marehemu, ambaye alimlisha ukoko na kumpiga na mwiko, na kila mgonjwa mpya aliyeingia alisimuliwa upya. “Minye nilisema,” alimalizia kila mara, “kama minye nakufa mbele, hakuna mwanamuke mwingine atashika batoto yangu. Heri wakae na baba yao, hata kama hajue kupika.” Nilizisikia habari hizo mara nyingi mpaka ningeweza kumsaidia palipomponyoka neno.

Juma la tatu, lori la mpunga lilisimama mbele ya hospitali na mwanamume mmoja akashuka na mke wake mikononi. Alikuwa Gervasi. Mke wake aliitwa Paskazia, umri wake labda miaka miwili au mitatu juu ya wangu, na tumbo lake lilikuwa limevimba na gumu, hata kulala chali hakuweza. Muganga Alfonsi, aliyetunza hospitali siku ambazo daktari Mzungu alikuwa mjini Usumbura, ng'ambo ya mpaka, alimpima, akasema daktari atampasua, lakini kwanza akauliza swali lile la mlangoni.

“Haina, munganga,” Gervasi alisema. Alikuwa amesimama bila kofia, mikono imening'inia. “Mama yangu haoni tena. Mutoto wetu, Goreti, ana miaka miwili, mama njo iko naye ku nyumba. Na mupunga iko naiva, ndege iko namaliza yote. Nikibaki hapa, tutakula nini?”

“Bila garde-malade siwezi kumupatia kitanda,” Alfonsi alisema. Hakuwa mkali, alikuwa mtu mwema aliyechoka. “Nani atamugeuza? Nani atakuja kuniita kama mambo inaharibika? Minye niko moja, bagonjwa iko kila fasi.”

Nilikuwa nimepiga magoti nikifunga mguu wa Mama Daudi, na nikajua, bila kuinua kichwa, kwamba ananitazama. Sitasema kwamba sikumhurumia Paskazia. Nilimhurumia, jasho lilikuwa linamtiririka hadi shingoni. Lakini huruma haikuwa ndiyo iliyonisimamisha. Kilichonisimamisha ni kwamba Mama Daudi alikuwa anatazama, na chumba kizima cha wanawake, ambao wangerudi makwao na kusema, walikuwa wanatazama.

“Munganga, andika jina yangu,” nilisema. “Nitaangalia bote babili.”

Gervasi alinishika mikono yote miwili. Mama Daudi aligeukia vitanda vya upande wa pili, akasema kwa sauti ya kutosha: “Munaona huyu? Njo bibi ya mutoto yangu.” Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mke wa mwanawe, na Mungu anisamehe, furaha niliyoipata ilinisahaulisha mgonjwa wangu mpya kwa muda mzima aliokuwa anahangaika kupanda kitandani.

Siku za mwanzo nilimtunza vizuri. Hilo nalisema kwa haki yangu, maana haki yangu katika habari hii ni ndogo. Kitanda chake kilikuwa kando ya cha Mama Daudi, katikati yao mkeka wangu. Nilimpikia uji, nilimwosha, nilimfulia. Alikuwa mcheshi kuliko mgonjwa anavyoruhusiwa kuwa. Kiswahili chake kilichanganyika na Kirundi, na alipenda kunichokoza Mama Daudi anapolala. Siku moja nilikuwa nachambua mawe kwenye mchele wa mama mkwe, punje kwa punje, akanitazama muda mrefu kisha akaninong'oneza: “Esta, weye uko nauguza mama-mukwe ao uko nauguza arusi yako?” Nilicheka mpaka nikaziba mdomo na kikwembe. Usiku sikucheka tena nilipolifikiria, lakini sikumchukia. Alinisimulia kuhusu Goreti, jinsi anavyokataa kulala bila kushika sikio la mtu. Alinisimulia kuhusu Gervasi, kwamba hajui kuimba na anaimba. Ningekuwa na rafiki, nadhani, kama angeishi.

Daktari alikuja Ijumaa akampasua. Jumamosi asubuhi Alfonsi aliniita mlangoni mwa chumba. Naweza kuyarudia maneno yake yote, kwa kuwa nimeyarudia miaka hii yote.

“Sikiliza muzuri. Asikunywe maji, umulowanishe midomo tu. Na hii kitambaa ya tumbo, ukiona inalowana na damu, hata kidogo, unakimbia unaniita. Docteur iko hapa mpaka saa ya kula, atakula kwa mapadri, kisha anarudi Usumbura. Kama iko hapa, anaweza kufungua na kushona tena. Kama ameenda, minye sina kitu naweza. Umesikia?”

Nilijibu kwamba nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia. Lakini siku ile ile mashangazi wawili wa Daudi walikuwa wanakuja kutoka Sange. Walikuja kumwona mgonjwa, hivyo ndivyo ilivyosemwa, na kila mtu alijua kwamba wamekuja kuniona mimi. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni. Nilipata mikeke wabichi, samaki wa ziwa letu, kwa wavuvi, nikapika sombe, majani ya muhogo, kwa mawese, nikasonga bugari, ugali wetu, mara mbili kwa sababu ile ya kwanza ilinitoka laini. Kwa vile Mama Daudi hakuweza kutembea, wageni wangekula palepale chumbani, juu ya mkeka, kati ya vitanda viwili.

Mtu asiyekuwa wa kwetu hawezi kujua chakula kile kilikuwa nini. Mchumba akiwapa wakwe chakula mara ya kwanza, anawanawisha mikono amepiga magoti, anaweka sahani, halafu anakaa chini kando, macho yake chini, mpaka mkono wa mwisho umetoka kwenye bugari. Haondoki. Akiondoka katikati, amewakataa. Chakula kinasimama, wageni wanafunga vikwembe vyao na kwenda zao, na hakuna anayeuliza sababu. Nimewahi kuona uchumba ukivunjika hivyo, kwa msichana aliyekimbilia mtoto aliyeanguka.

Mashangazi walifika adhuhuri. Niliwanawisha. Niliweka bugari, mikeke, sombe. Nikarudi nyuma nikakaa, na nilipokaa uso wangu ukawa usawa wa kitanda cha Paskazia, karibu kabisa. Alikuwa amegeuza kichwa upande wangu. Midomo ilikuwa mikavu.

“Esta,” alisema polepole. “Niko nalowana.”

Nikainua shuka. Kitambaa kilikuwa na doa jekundu, la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Shangazi mkubwa alikuwa ameshika tonge la kwanza, anazungumza: “Bugari yake inashikamana muzuri, weee.” Kutoka pale nilipokaa hadi nyumba ya mapadri ilikuwa mwendo wa mtu kwenda kuteka maji na kurudi. Nilijua daktari yuko mezani kule. Nilijua alichosema Alfonsi. Nilivijua vyote kwa wakati mmoja, sikuchanganyikiwa hata kidogo. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakikunja, nikakiweka juu ya doa, nikarudisha shuka, ili wageni wasione damu wakati wanakula.

“Ngoja kidogo,” nilimwambia. “Wageni wako nakula.”

Alinitazama. Hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa bonde, alijua wakwe ni nini, na nadhani alinielewa vizuri kuliko mtu yeyote mle chumbani. Alisema, “Sawa,” akafumba macho. Ndilo neno lake la mwisho kwangu au kwa mtu yeyote.

Walikula taratibu. Wazee wa kwetu hawakimbizani na chakula, na walikuwa wamekipenda. Waliuliza sombe imetwangwa na nani, nikajibu kwa kichwa. Mama Daudi alianza habari ya mama wa kambo, nao wakaicheka mahali pake pa kucheka ingawa walikuwa wakiijua. Katikati ya habari ile nikasikia gari la daktari likiwashwa kwa mapadri. Lilikohoa mara mbili, likashika, likapita mbele ya dirisha letu na vumbi lake, likaenda upande wa daraja la Usumbura. Nilibaki nimekaa, macho chini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na nane na nilikuwa nahesabu matonge yaliyobaki kwenye sahani.

Mkono wa mwisho ulipotoka niliwanawisha, nikaondoa vyombo, na mara nilipovuka mlango nikakimbia. Alfonsi alikuja na mimi mbio. Kitambaa changu kilikuwa kimelowa chote, na shuka, na godoro. Aliniuliza huku akikandamiza kwa mikono miwili: “Ilianza saa ngapi?” Nikajibu: “Sasa hivi, munganga.” Alikitazama kitambaa kile cha kichwa mkononi mwake, kilichokunjwa vizuri mara nne, kisha akanitazama mimi. Paskazia alikufa jua lilipoanza kuelekea milimani, mashangazi wakiwa bado kwenye ukumbi wa nje wanangoja lori. Walinipa pole. Walisema msichana aliyeuguza wawili na bado akawapikia vile ameumbwa kwa moyo mkubwa.

Gervasi alikuja Jumapili kumchukua. Siku ya tatu nikapelekwa Nyakabere, kwa kuwa garde-malade lazima aende. Nakumbuka mapazia ya nyasi yakicheza mlangoni, nakumbuka yule mama kipofu amekaa ukutani na Goreti mapajani, mtoto ameshika sikio la bibi yake. Watu walikuwa wengi uani. Mzee mmoja alisema: “Sasa garde-malade atuambie.” Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba alikufa ghafla, bila maneno. Lakini Gervasi alikuwa amekaa mbele kabisa, amenikazia macho, na alikuwa na njaa ya neno la mke wake, na nikaona kwamba nisipompa chochote ataanza kuuliza, na akiuliza nitasema.

“Alikula uji asubuhi,” nilisema. “Hakuumia sana. Alimutaja Goreti. Alisema: mwambieni Gervasi, mwanamuke mwingine asishike mutoto yangu. Heri akae na baba yake, hata kama hajue kupika.”

Maneno ya Mama Daudi, yote, mpaka kupika. Hayakutoka kwa ubaya. Ndiyo yaliyokuwa mdomoni, ndiyo niliyoyasikia kila siku kwa majuma, na kwa akili yangu ya msichana nilidhani ndivyo mama mzuri anavyosema anapokufa. Uani palilipuka kilio. Wanawake walinikumbatia. Gervasi hakulia, aliinamisha kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea amri, akasema: “Nimesikia. Aksanti, garde-malade.”

Baada ya mvua za kwanza niliolewa. Mama Daudi alirudi na neno zuri, na mguu wake ulipona, na alisimulia Uvira, mji wetu, nzima habari ya mkaza-mwana aliyeuguza wagonjwa wawili. Mara moja tu, miaka baadaye, tukiwa wawili jikoni, nilianza kusema, “Mama, siku ile ya mikeke…” Akanikatiza bila kuinua macho kwenye sombe: “Mambo ya hospitali inabakia ku hospitali.” Kitanda chake kilikuwa umbali wa mkono mmoja. Sikuanza tena.

Nilikutana na Gervasi mara nyingi. Alikuja Uvira na mpunga, na hakuna mara aliyopita bila kufika kwangu kunisalimia, na kwa wanangu aliniita dada yake. Nilisikia kwa watu kwamba haoi. Mwanzoni nilidhani ni huzuni, na huzuni hupita. Kisha mwanamke mmoja wa sokoni akaniambia amekataa mjane mzuri aliyetafutiwa na padri. Nikaelewa. Ningeweza kumwambia siku ile. Alikuwa nje, anafunga magunia yake. Nikampa chai. Nilikuwa na watoto, na mume, na jina, na vyote hivyo vilikuwa vimejengwa juu ya mkeka ule. Mwaka ukafuata mwaka, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kueleza kwa nini sikusema mwaka uliopita. Akazeeka akiwa peke yake, anasonga bugari mbaya, watu wakimcheka kwa upendo.

Basi mwezi uliopita nikafika Nyakabere na viatu vyangu. Uani walinipa kiti mbele, pamoja na jamaa. Goreti sasa ni bibi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa garde-malade wake mwishoni, na mzee mmoja alipomwomba aseme, alisimama akasema bila kupamba.

“Alikula ndizi nusu. Alisema niondoe blanketi, iko na joto. Kisha aliomba maji. Minye nilikuwa nimelala, nimechoka, nikasema nakuja, nikalala tena. Nilipoleta maji alikuwa amekwenda. Hakusema kingine.”

Watu waliitikia, “Aksanti, garde-malade.” Hakuna aliyemlaumu. Walilia, wakamlilia na yeye pia, na ndivyo tu. Nilikaa kwenye kiti changu cha mbele nikaona kwamba ilikuwa inawezekana. Mtu anaweza kusimama mbele ya watu na kusema nilichelewa.

Jioni alikuja kukaa karibu nami, akanishika mkono. “Baba alikuwa anakupenda, mama Esta,” alisema. “Njo weye ulimuletea neno ya mama. Alilishika mpaka kufa.” Akacheka, kicheko cha mtu anayekumbuka jambo la kitoto. “Wakati nilikuwa na miaka saba, kulikuwa mwanamuke moja wa Luberizi, alikuwa anakuja kunisuka nywele. Baba alimupenda. Na minye nilimupenda, nilikuwa namuita mama mu roho. Siku moja baba akamurudisha. Akaniambia: mama yako alikataza. Nililia sana siku ile. Mama mwenyewe sikumulilia hivyo, sikumujua.”

Hapo ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, kitambaa cha kichwa, bugari, gari la daktari, na kwamba mama yake hakukataza kitu chochote. Nilimwambia maneno yake ya kweli, yalikuwa mawili, na nilichomjibu. Nilizungumza nikitazama mikono yangu, kama nilivyokaa siku ile. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, na wepesi ule ulinitia haya mara moja, kwa sababu niliinua macho nikamwona yeye.

Hakupiga kelele. Alikuwa ameuondoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu, bila kunisukuma. Uani walikuwa wanaanza kugawa chakula, na mtu alimwita, naye hakuitika.

“Mama Esta,” alisema, “juu ya nini unaniambia leo, wakati hawezi tena kuoa?”

Alingoja. Aliningoja kweli, uso wake wote, kama baba yake alivyoningoja uani siku ile.